Tangi Lisilo na Jina

Kila Jumapili baada ya kanisa, binti yangu Wangeci alipokuwa akinipigia simu kutoka Uswisi, nilikuwa na swali moja lililotangulia mengine yote. "Mume wangu hajambo?" Naye alikuwa akicheka na kunijibu, "Bado, Mami. Bado yuko njiani." Asiyetujua angedhani nimerukwa na akili, maana mume wangu nilimzika mwenyewe, pale nyuma ya miparachichi, na kaburi lake nalifagia kila Jumamosi.

Anayezijua mila zetu Wakikuyu hatashangaa. Binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Ndiyo maana Wangeci akaitwa Wangeci, jina la mama mkwe wangu, mwanamke aliyenitesa miaka mingi kisha akarudi kwangu akiwa mchanga nimnyonyeshe. Marehemu Muiruri hakuwahi kumwita binti yake kwa jina. Alimwita "mami", na akitaka kusafiri alikuwa anasimama mbele yake, mikono nyuma, anamwomba ruhusa, na mtoto mwenyewe wakati huo yuko darasa la pili, ana pengo. Mimi nilikuwa namwita mama mkwe, hasa siku alizokataa kuosha vyombo.

Sasa Wangeci akipata mtoto wa kiume, huyo angekuwa Muiruri. Najua mila ina foleni yake: akiolewa, wa kwanza ni wa ukoo wa mume, wa pili ndiye wetu. Mimi ningempokea hata wa tano. Ningembeba mgongoni, nimwite mume wangu mbele ya kanisa zima, nimuulize mbona amekuja bila sukari wala majani chai, na hakuna mtu hapa kwetu Bahati nzima angeniona mjinga. Hivyo ndivyo wajane wa kwetu wanavyongoja. Wapo wanaongoja mbinguni. Mimi sina subira ya namna hiyo.

Muiruri alikuwa akifundisha fizikia chuo kikuu. Si fizikia ya kutengeneza redio, maana redio yetu iliharibika na akashindwa nayo. Yake ilikuwa ya chembe, vitu vidogo hata ukisema vidogo umevikuza. Siku moja tukiwa mezani aliushika mkono wangu akaugeuza kiganja juu. Akaniambia, "Tabby, sasa hivi kuna vitu vinapita hapa. Vimezaliwa juu angani, vinapita kwenye bati, kwenye mkono wako, kwenye meza, vinaendelea na safari."

"Na vikishapita vinaniachia nini?"

"Hakuna."

"Basi ni kama wanaume wa Nakuru town," nikamwambia. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Mkono wangu lakini hakuuachilia upesi, na nakiri niliusahau pale kwa muda.

Ndoto yake ilikuwa kituo. Alisema hakuna chuo chetu hata kimoja chenye uwezo wa kufanya utafiti huo peke yake, lakini vyuo vya Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda vikichanga, kila mmoja alete alicho nacho kama watu wa harambee, kinawezekana. Na alitaka kijengwe hapa Bahati. Huku juu hewa ni nyepesi, akasema, na mashamba yamekaribiana. Matangi ya maji yangetawanywa kwenye mashamba ya watu, moja hapa, jingine kule, yakiwa yamefungwa giza tupu ndani. Chembe kutoka angani ikipita ndani ya maji inaacha cheche ya mwanga, na kuna jicho la umeme mle ndani linaloiona. Tangi moja likiona, ni chembe moja tu. Matangi mengi yakiona kwa mpigo mmoja, hiyo ni mvua nzima ya chembe, imetoka mbali kuliko nyota unazoziona, na ukipima imeanguka wapi na wapi unaweza kujua ilikotoka. Nilimwambia watu wa Bahati hawatakubali tangi lisilotoa maji. Akasema watakubali, kwa sababu sisi ni majirani.

Basi akawa mtu wa safari. Leo Kampala, wiki ijayo Arusha, mara Kigali, faili kwapani, koti lile lile la kahawia. Alilala kwenye viti vya stendi akingoja wakubwa ambao mara nyingine hawakutokea. Aliporudi nyumbani chakula kilikuwa kimepoa, nami nilikuwa nimeshanuna.

"Umechelewa," nilikuwa namwambia mlangoni.

"Lakini nimefika," alikuwa akijibu, huku akivua viatu.

Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yetu. Watu wengine huulizana habari. Figo zilimwangusha kabla jiwe la kwanza halijawekwa, na siku ile hospitalini nilikaa karibu na kitanda nikingoja aseme amefika. Hakusema.

Kituo kilikuja baada yake, kama mvua inayonyesha umeshavuna. Vyuo vilikubaliana, serikali nne zikatia sahihi, wazungu wakaleta vifaa, na lile ghala la zamani la kukaushia pareto, aliloliacha mkoloni wakati wa uhuru, likapigwa rangi na kuwekwa kompyuta mpaka kwenye dari. Nilipita pale mara kwa mara nikitoka kupeleka maziwa. Nilikuwa nasimama kwenye ua wa michongoma nikiangalia mafundi, na nilimtamani Muiruri vile mtu anavyotamani chakula. Nilitamani nimwone akiwasumbua wale mafundi kwa maswali. Nilitamani hata kikohozi chake.

Nilijipa moyo kwamba jina lake litaandikwa langoni. Nililiona kabisa, herufi kubwa za chuma, na mimi nikipita chini yake na madebe yangu ya maziwa. Niliposikia kamati imeshakaa juu ya jina, nilivaa nguo ya kanisani nikaenda ofisini kwa Profesa Awuor, mwenyekiti wake, mwanamke aliyefanya kazi na Muiruri tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alinikaribisha, akafunga mlango, na nikajua.

"Mama Wangeci, nilipigana," akasema. "Believe me, nilipigana. Lakini hii kitu ni ya nchi nne. Watu wa Uganda wako na mzee wao, Tanzania wako na wao. Rwanda wakasema tusiweke jina ya mtu yeyote, na honestly, hiyo ndiyo kitu peke yake wote waliagree."

"Kwa hivyo kinaitwaje?"

Akanitajia. Zilikuwa herufi tupu zilizobananishwa pamoja, hata mchungaji wetu, mtu wa kunena kwa lugha, asingeweza kuzitamka.

"Hao wazee wao walilala kwenye benchi ya stendi?" nikamuuliza.

Aliinama kidogo, na nikaona ananionea huruma, na huruma ndiyo kitu nisichoweza kumeza. Asiyekuwepo na lake halipo. Nilimshukuru kwa chai ambayo sikuinywa, nikaondoka.

Nilikuwa bado na hasira hiyo kichwani siku lori lilipoingia bomani kwangu na tangi. Injinia wao alikuwa Kiprotich, kijana wa Keringet, mrefu, mwenye heshima iliyochanganyika na haraka.

"Niaje mathe. Tumekuletea tank."

"Mimi si mathe yako, sikukuzaa. Niite mwalimu, kama watu wote wa hapa. Na hilo tangi lirudishe lilikotoka."

Kiprotich akaangalia simu yake, akaniangalia. "Pole, mwalimu. Lakini hii ndiyo ya katikati. Ukikataa, map yote itakuwa na shimo. Na iliandikwa kitambo sana kwamba hapa lazima ikae moja. Si mimi nilichagua. Ni Daktari Muiruri aliweka alama."

Huyo mtu hata kaburini hachoki kunipangia mambo. Nikawaonyesha mahali, kando ya zizi, penye uwazi, nao wakalisimamisha: tangi jeusi, refu kunizidi, tumbo kubwa, na juu yake bamba la jua na waya wa mawasiliano. Lilikuwa limeandikwa namba kwa rangi nyeupe.

Ni namba hizo zilizoanzisha mambo. Kituo kilitaka wakulima wenye matangi watoe ripoti kwa simu kama kuna kasoro, na wakulima wa Bahati, ambao kila ng'ombe wao ana jina na ndama pia, walishindwa kabisa kukariri namba. Basi wakayapa majina. Jirani yangu Ndung'u aliliita la kwake Deputy.

"Imesimama tu hapo siku mzima, haifanyi kazi, na bado iko na ulinzi," alinieleza. "Si hiyo ni deputy headmaster kamili?"

Huyo Ndung'u ndiye, kabla jicho halijafungwa ndani ya tangi lake, alifungua kifuniko akatia ngege wawili, eti wale mabuu ya mbu kama anavyofanya kwenye tangi lake la mvua. Kiprotich aliwakuta wale samaki wamenenepa. Ilibidi maji yote yamwagwe, na Ndung'u akalaumu kituo kwa kumwulia Deputy samaki wake. Mama mmoja upande wa chini aliita la kwake Cucu, jina la kila nyanya wa Kikuyu, mwingine Tumaini, na kuna mlevi fulani aliyeliita Mukorino kwa sababu kifuniko chake kilikuwa cheupe kama kilemba cha waumini wa dhehebu hilo. Mainjinia walicheka mwanzoni, kisha nao wakazoea. Mwishowe waliyaingiza majina hayo kwenye mitambo, kwa kuwa ilikuwa rahisi kusema Cucu amelala kuliko kusoma namba ndefu.

Langu halikuwa na jina. Kiprotich alikuwa akija kulikagua ananiuliza, "Mwalimu, hii yako tuite nani?" Nami nilikuwa namjibu aite namba. Watu wakasema Mwalimu Tabby ameringa. Hapana. Jina nilikuwa nalo, liko kwenye ncha ya ulimi tangu siku ile lori lilipoingia. Lakini halikuwa langu la kutoa. Mwanamke hamwiti mtoto jina la mume wake mwenyewe. Angekuwa amemzaa mumewe. Jina la mzee hutolewa na mtoto wake. Na mtoto wake alikuwa na pasi ya Ulaya na kazi katika maabara ya chini ya ardhi, na jina hilo alikuwa amewekewa alipeleke kwingine. Kama lingetumika kwenye plastiki, mume wangu angerudi na nini? Basi nililibania.

Wangeci alikuja kiangazi kilipokuwa kimechacha. Kituo cha huko kwao kilimtuma afunge macho ya umeme kwenye matangi ya mwisho na ahudhurie ufunguzi. Nilimpokea Nakuru. Alikuwa amekonda, ana mvi mbili tatu mbele, na tulipofika nyumbani alivua viatu mlangoni akiegemea ukuta. Ni baba yake yule yule.

"Umechelewa," nikajikuta nimesema.

Akanitazama, akanikumbatia.

Siku chache baadaye zamu ya tangi letu ilifika. Kiprotich na wenzake walikuwa shamba la pili, kwa hivyo mimi ndiye niliyeshika ngazi. Wangeci alipanda na ovaroli lake la bluu, akainama ndani ya kifuniko chini ya shuka jeusi la kuzuia mwanga, miguu ikining'inia nje kama mtu anayemezwa. Alikuwa akiimba wimbo wa kwaya yetu kwa sauti iliyotoka tumboni mwa tangi. Nilifurahi. Naweza kusema ni saa ambayo nilifurahi kuliko zote tangu mazishi, nikiwa nimeshika ngazi, jua linanichoma shingo.

Alipomaliza alifunga kifuniko, akakaa pale juu akifuta mikono.

"Mami, kwenye list tank zote ziko na majina. Hii yetu inaitwaje?"

"Haina."

"Kwa nini? Hata Ndung'u ameita yake."

"Jina lake si langu kulitoa," nikasema. "Nangoja mwenyewe azaliwe."

Nilisema kwa mzaha, kama kawaida, nikamtupia jicho. Wangeci hakucheka. Alishuka ngazi polepole, akafika chini, akavua glavu moja baada ya nyingine.

"Mami, kaa chini."

"Nimesimama maisha yangu yote. Sema."

"Hakuna mtu yuko njiani." Sauti yake ilikuwa tulivu, vile anavyozungumza na mitambo yake. "Daktari waliniambia kitambo. Nilifanyiwa operesheni mara mbili na haikusaidia. Siwezi, Mami. Nilikuwa nataka kukuambia kwa simu, lakini kila Sunday ukiniuliza hivyo, ukicheka, nilikuwa naona nikikuambia ni kama nimemzika tena. Nikawa nasema yuko njiani. Tafadhali usiniulize tena."

Nilikaa chini. Nilikaa kwenye ndoo ya kukamulia iliyogeuzwa, nikaangalia vidole vyangu. Nililia, na kulia kwangu si kwa adabu, mimi hulia kwa kelele, ng'ombe wakageuka. Nililia kwa ajili ya Muiruri ambaye hangepita tena mlangoni kwangu, mkubwa wala mdogo. Halafu ikaja hasira. Sikumkasirikia kwa kutozaa. Nani anajipa tumbo? Nilimkasirikia kwa kulala kwenye kitanda cha hospitali ugenini peke yake, mara mbili, bila mtu wa kumpelekea uji, kisha Jumapili anashika simu anacheka ili mimi nicheke.

"Mtu anakatwa tumbo na mama yake anakamua ng'ombe!" nikamfokea. "Ulinifikiria mimi ni yai?"

"Nilikuwa nakuogopa," akasema.

Akapiga magoti akaweka kichwa kwenye mapaja yangu, mtu mzima na digrii zake, na nikamshika nywele zile zenye mvi. Tulikaa hivyo mpaka Kiprotich akaja kuuliza kama tangi limekubali, akatuona, akarudi nyuma kimya kimya. Kijana ana malezi.

Habari ya jina haikutajwa tena. Siku zile zilizobaki tulipika, tulikamua, tulienda kaburini tukapalilia. Ndani yangu palikuwa kama nyumba iliyohamwa. Nilikuwa nasema moyoni, basi Muiruri, kumbe huu ndio mwisho, langoni hupo, na mgongoni mwangu hutakuwepo. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, wanasema. Mimi sikuchelewa popote. Nilikuwepo wakati wote, nimesimama mlangoni, na bado nilimkosa.

Siku ya ufunguzi ghala la pareto lilijaa. Walikuja maprofesa wa Kampala na Arusha na Kigali, suti na vitambulisho shingoni, na wazungu wenye viatu vya mlimani. Sisi wakulima wenye matangi tulipewa viti vya nyuma, lakini tulikuwa wengi, na kina mama wa Bahati hawajui kunong'ona. Mbele palikuwa na skrini kubwa kama ukuta. Ilikuwa ramani ya mashamba yetu, na kila tangi lilikuwa nukta yenye jina kando yake. Chembe zikipita, nukta zinawaka na kuzima. Cucu akawaka. Tumaini akawaka. Deputy alipowaka Ndung'u alisimama akainama kwa wageni kama bwana harusi.

Katikati kulikuwa na nukta yenye namba tu. Niliitazama hiyo peke yake. Ilikuwa inawaka na kuzima kama wenzake, haijui kwamba haina jina. Nilitamani kutoka nje.

Profesa Awuor alihutubia, akataja jina la Muiruri kwa heshima, watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha akamwita Wangeci, mtafiti kutoka Uswisi, aeleze mitambo. Wangeci akasimama kwenye kompyuta, akaeleza kwa Kiingereza cha wasomi mambo ambayo sikuyafuata. Halafu akageukia viti vya nyuma, akabadilisha lugha.

"Kuna tank moja hapa haina jina," akasema. "Iko kwa boma yetu. Mamangu amekataa kuipatia, na watu wamedhani ni kiburi. Si kiburi. Kwetu, jina ya mzee haitolewi na bibi yake. Inatolewa na mtoto wake. Mimi ndiye mtoto. Hilo jina nilikuwa nimewekewa nimpatie mtu, na huyo mtu hatakuja." Akaweka vidole kwenye kompyuta. "Sina mwingine wa kumpatia. Naitoa hapa."

Akaandika. Ile namba ikafutika kwenye skrini, herufi zikaingia moja moja, mpaka pale katikati ya mashamba yetu pakaandikwa MUIRURI.

Wasomi hawakujua kama hapo ni pa kupiga makofi au pa kuinamisha vichwa. Nukta ikakaa, nikaikazia macho, nikaomba, sijui niliomba nini. Ikawaka.

Sikujiona nikisimama. Nilisikia sauti yangu tu, imetoka chini kabisa ya kifua, mahali nilipodhani pamehamwa. "Ariririririii!" Wazungu waligeuka wote. Sikujali. Kina mama wa Bahati walielewa mara moja, maana walinijua na walijua nilichokuwa nangoja, nao wakainuka mmoja mmoja, vitambaa vichwani, wakaunga vile tunavyompokea mtoto aliyezaliwa. Tukapiga kigelegele cha pili. Tukapiga cha tatu. Hapo Profesa Awuor akanyanyua maikrofoni, akadhani tumemaliza aendelee na ratiba, na Ndung'u akapaza sauti kutoka nyuma, "Ngoja, Prof! Tatu ni ya msichana! Huyu ni kijana, ni tano!"

Tukapiga cha nne. Cha tano nilipiga nikiwa nimemshika Wangeci, machozi yake yananiingia kwenye kola ya nguo ya kanisani, na watu wa nchi nne wamesimama hawajui kwa nini wanalia.

Wangeci alirudi Uswisi wiki hiyo. Nilijua atarudi, kazi yake iko huko, na sitasema haikuuma. Nyumba ilinyamaza tena. Kiprotich aliniletea kile kidude wanachowapa wenye matangi, spika ndogo inayolia tik kila chembe ikipita, ili wakulima wajue tangi liko hai. Wengine wameziondoa wakisema zinawasumbua. Mimi nimeifunga kwenye nguzo ya zizi, na jioni ng'ombe wakishakula natoa kiti na chai, nakaa pale. Tik. Kimya. Tik, tik. Simwambii mambo mengi. Namwambia bei ya maziwa, namwambia nani amekufa. Si mkono, sijidanganyi. Nikinyoosha kiganja juu hakuna anayekishika. Lakini nakinyoosha.

Jumapili baada ya kanisa simu ililia nikiwa nimekaa hapo hapo. Kwa mara ya kwanza sikuwa na la kuuliza. Nilisema tu "Haloo", nikangoja. Nilimsikia Wangeci akivuta pumzi.

"Mami," akasema, "mume wako hajambo?"

Nililiangalia lile tumbo jeusi kando ya zizi. Tik.

"Hajambo," nikamwambia. "Alichelewa tu, lakini amefika."